Mzani wa Sonara

Mzani wenyewe ulikuwa wa kuazima. Shule ilikuwa na bendera, ilikuwa na kengele ya rimu la lori, ilikuwa na kibao kikubwa barabarani chenye maneno matamu juu ya elimu, lakini mzani haikuwa nao. Kwa hiyo ilipofika wiki ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne, mwalimu Lwitiko alivaa shati lake la kazini, akapenya katikati ya malori yaliyojipanga kuvuka kwenda Zambia, akaenda kumbembeleza Zahoro sonara amwazime mzani wa kupimia dhahabu. Mwalimu wa kemia huyo! Miaka mitatu anafundisha watoto kupima kwa gramu, na mzani wa gramu watoto wameuona kwenye picha tu.

"Mwalimu, huo mzani ndio ugali wangu," Zahoro alimwambia, macho bado yapo kwenye pete aliyokuwa akiisugua. "Watu wa Chunya wanakuja na dhahabu yao saa yoyote. Wakinikuta sina mzani wanakwenda kwa jirani."

"Saa mbili tu, bwana Zahoro."

"Saa moja. Na uupakate kama mtoto. Usije ukaufunga nyuma ya baiskeli."

"Nitaupakata."

"Na mkikosea hesabu zenu msije mkasema mzani wa Zahoro unapunja. Nawajua nyinyi wasomi."

Wabadili kwacha waliokuwa wamekaa barazani kwake wakaangua kicheko. Lwitiko naye akacheka, maana mwenye shida atafanya nini? Akaupakata mzani kifuani, akarudi nao shuleni kwa miguu, jua linachoma na vumbi la malori linamwingia puani.

Stoo ya shule ilikuwa chumba kidogo cha mabati ambamo majembe, mipira iliyopasuka na madawa ya kemia viliishi pamoja kwa amani. Lwitiko alifunga mlango kwa ndani, akatoa karatasi ya maelekezo ya siri mfukoni. Walitaka myeyusho wa kabonati ya sodiamu, ambayo ni magadi tu kwa jina la nyumbani, wenye nguvu ya molari sifuri nukta moja. Akalishusha kopo la magadi kutoka shelfu ya juu, karibu kabisa na bati la paa. Kopo lilikuwa la zamani. Kifuniko kilishapasuka, mtu fulani aliyepita shuleni hapo kabla yake akakizungushia mfuko wa rambo na mpira. Lebo ilisema ni fuwele, zenye maji ndani yake, uzito wa molekuli mia mbili themanini na sita. Zidisha kwa sifuri nukta moja, unapata gramu ishirini na nane nukta sita kwa kila lita. Hesabu hiyo Lwitiko angeifanya hata akiwa na homa. Aliifanya mara mbili kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono, na mara zote mbili alipata hivyo hivyo.

Alipofungua kopo hakukuta fuwele za kung'aa kama zilivyoandikwa. Alikuta unga, mweupe, laini. Aliuona. Hili tuliseme mapema, asije mtu akamtetea kwamba hakuuona. Aliuona ule unga vizuri, na kilichomjia kichwani kilikuwa ni kushukuru Mungu. Afadhali, alijisemea, leo sina kazi ya kutwanga. Akapima, gramu baada ya gramu, kwa kijiko cha chai, kwenye sahani ndogo ya kupimia dhahabu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mwalimu Mbonile, mkuu wa shule, mtu mnene mwenye sauti ya upole ambayo walimu wote waliiogopa.

"Bado tu?"

"Nimeshapima, Mkuu. Nataka nijaribu kidogo na tindikali, nione rangi inageuka wapi. Mara moja tu."

"Tindikali ipi?"

"Hii uliyonunua."

"Hiyo nimeifuata Mbeya, na imekuja kwa idadi ya vichwa. Ukijaribu wewe, mwambie basi ni mtoto gani akae bila." Mbonile aliangalia ule mzani kama mtu anayeangalia mgeni asiyemwalika. "Kwani wewe hukusoma, mwalimu?"

"Nimesoma, Mkuu."

"Basi. Barua yako ya ajira ya kudumu naisukuma kila nikifika wilayani. Usinifanye nionekane namsukuma mtu ambaye hesabu zake lazima zijaribiwe."

Lwitiko aliirudisha karatasi mfukoni. Alikuwa mwalimu wa muda, kidato cha sita na wiki chache za mafunzo, na hilo neno "wa muda" lilimkaa shingoni siku zote. Akamimina magadi ndani ya ndoo safi ya maji, akakoroga, akafunika.

*

Jioni alimkuta mkewe barazani anapanga samaki wakavu kwenye ungo. Restuta aliuza samaki sokoni, upande wa mpakani, na wateja wake wengi walikuwa Wazambia, mpaka kwenye salamu alikuwa anaitika "bwino" kabla mtu hajamaliza kusema "mulishani." Samaki walimjia kwa Fuso kutoka bondeni Kamsamba, kwao, ambako baba yake, Mzee Bugalama, alihamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Shani, mdogo wake Restuta, alikuwa amekaa kwenye kigoda amekumbatia daftari la kemia. Miaka minne aliishi kwao huyu binti, analala chumba kimoja na mtoto wao Ikupa, anaosha vyombo, anasoma, anaongoza darasa.

"Baba amepiga simu," Restuta alisema.

"Anasemaje?"

"Wale watu wamekuja tena. Safari hii wametaja na ng'ombe." Alimtupia jicho mdogo wake, akashusha sauti, kana kwamba Shani asingesikia. "Kawaambia wasubiri karatasi ya serikali. Shani akipata C ya kemia na C ya baiolojia, aende kidato cha tano, yeye yuko tayari kuuza ng'ombe mpaka zizi libaki na mavi. Asipopata, anaozwa. Unamjua baba, halisemi neno mara mbili."

"Baiolojia anayo mkononi."

"Na kemia?"

"Kemia yuko na mimi."

"Shemeji naye kwa kujisifu!" Shani alicheka.

"Ehe, tuone kama najisifu. Kilo ya samaki mbichi na kilo ya samaki mkavu, wapi kuna samaki wengi?"

"Kwa mkavu."

"Kwa nini?"

"Kwa mbichi unalipia na maji yake."

"Mwone!" Lwitiko alimgeukia mkewe. Ulikuwa mfano wake huo, alioutunga mwenyewe kwa ajili ya kufundisha fuwele zenye maji, na alikuwa akiupenda. Darasa zima liliujua.

"Shemeji, na kesho nikiona kitu ambacho hakifanani na cha kwenye kitabu?"

"Andika unachokiona. Usiandike ulichosikia wala ulichotegemea. Kemia ni macho."

"Hata kama ni cha ajabu?"

"Hata kama ni cha ajabu, mtoto wewe. Kalale."

Restuta alisema wapunguze maneno, mtoto anahitaji usingizi, akampa kipande cha samaki cha katikati, kile ambacho kwa kawaida huwa cha baba. Lwitiko hakulalamika. Alikuwa na furaha usiku ule, na alilala vizuri.

*

Chumba cha kidato cha kwanza ndicho kiligeuzwa maabara. Madawati yalisogezwa mawili mawili, bureti, ile mirija ya kioo yenye namba, zikafungwa kwa kamba kwenye vigingi alivyochonga seremala wa jirani, na maji yakawa kwenye ndoo. Watahiniwa waliingia kimya, wamenyoa, wamechomekea. Msimamizi alikuwa mama mmoja mwenye miwani aliyetoka shule nyingine, na mlangoni alikaa askari na bunduki yake. Lwitiko aliruhusiwa kuwemo ndani kama mwenye vifaa, awaongezee maji, asiseme neno.

Kazi yenyewe haikuwa na maajabu. Mtoto ananyonya magadi kwa pipeti, anayaweka kwenye chupa, anatia tone la kiashiria, yanakuwa ya njano. Halafu anafungulia tindikali kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, mpaka njano igeuke nyekundu ya waridi. Anasoma bureti imeshuka mpaka wapi. Kwa hesabu ya karatasi, ilitakiwa igeuke kwenye ishirini na tano. Bureti yote ina hamsini, kwa hiyo nafasi ilikuwepo tele.

Aliyeinua mkono wa kwanza alikuwa Kefa, kijana mchangamfu wa Ihanda ambaye kemia kwake ilikuwa kama kanisa la watu wengine.

"Mwalimu, yangu imeisha."

"Nini imeisha?" Lwitiko alinong'ona.

"Bureti. Imeisha yote na rangi bado ni njano."

"Umefungulia haraka. Rudia."

Lakini dawati la pili mkono ukainuka, na la nne. Msichana mmoja nyuma alianza kulia bila sauti, machozi yanadondokea karatasi. Lwitiko akanyanyua macho akaangalia chumba kizima. Chupa zote zilikuwa za njano. Bureti zilikuwa zinakauka moja baada ya nyingine, na kila mtoto alikuwa anajiona yeye ndiye mjinga, anaficha chupa yake kwa mkono ili jirani asiione.

Hapo ndipo ule unga mweupe ulipomrudia. Miaka yote ile chini ya bati linalochoma, kifuniko kimepasuka, zile fuwele zilikuwa zimekauka karibu maji yake yote, na yeye akapima kwa uzito wa fuwele zenye maji. Alikuwa amepima samaki wakavu kwa kipimo cha samaki wabichi! Magadi yaliyokuwa ndani ya ile ndoo yalizidi mara mbili na zaidi. Mfano wake mwenyewe. Jana tu, barazani, kauuliza kama kitendawili, mtoto akajibu, yeye akamsifu, na bado hakushtuka. Alitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu Mbonile alikuwa dirishani. Alimwita kwa kidole, wakasimama nyuma ya ukuta.

"Kuna nini humo?"

"Mkuu, nimekosea. Magadi ni makali mno. Yalikuwa yamekauka na mimi nilipiga hesabu ya—"

"Sikuulizi hesabu. Jibu lilitakiwa kuwa ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Wape."

"Mkuu, hiyo ni..."

"Ni nini? Itaje jina."

Lwitiko aligeuka kuangalia dirisha la darasa.

"Hao watoto wamekosa nini?" Mbonile alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli kweli. "Wewe umeharibu, wao wafe? Mimi namchukua huyu mama akanywe chai. Chukua jagi lako la maji upite."

Basi akapita. Mama wa miwani alikwenda kunywa chai, askari akageukia uwanjani kuangalia mbuzi, na mwalimu Lwitiko akapita dawati kwa dawati na jagi la maji, anainama, ananong'ona. Ishirini na tano. Ya pili weka ishirini na tano na nukta moja. Wewe weka nukta mbili. Kefa alimtazama kwa shukrani iliyomchoma kuliko tusi. Yule msichana wa nyuma alijifuta machozi akaandika haraka haraka, kabla bahati haijabadili mawazo.

Shani alikuwa dawati la dirishani. Alikuwa amejaza bureti yake upya na ameinama, jicho lipo sawasawa na mstari wa tindikali, kama alivyofundishwa.

"Ishirini na tano," Lwitiko alinong'ona.

Akainua uso. "Lakini, shemeji..."

Ndani ya uzio wa shule hakuwahi hata siku moja kumwita hivyo. Lwitiko alimimina maji kwenye kopo lake mpaka yakafurika, akaenda dawati linalofuata.

*

Baada ya kukusanya karatasi, mama wa miwani alimpa Lwitiko fomu moja. Mwalimu wa somo anatakiwa kuandika majibu aliyoyapata yeye mwenyewe kwa myeyusho ule ule, ili wasahihishaji wajue watoto walikuwa wanapimia nini. Kumbe ndiyo iliyokuwa njia ya wazi, isiyo na dhambi, kama wangesubiri. Andika ukweli hapo, na mtoto aliyeona hamsini na ngapi sijui angepata alama zake zote. Lakini watoto walikwisha kuandika ishirini na tano. Mbonile alisimama nyuma ya kiti chake akitafuna kijiti. Lwitiko aliandika ishirini na tano nukta moja, akasaini, bahasha ikafungwa ikawekwa kabatini ofisini kusubiri gari la wilaya la asubuhi.

Nyumbani Restuta alikuwa bado sokoni. Shani alikuwa jikoni anachambua mchele, na alipomwona shemeji yake aliweka ungo chini.

"Shemeji, nimepata hamsini na saba nukta sita."

Lwitiko aliegemea mlango. "Umepata wapi?"

"Niliijaza bureti mara ya pili. Ya kwanza ilikuja hamsini na saba nukta sita, iliyofuata nukta tano. Ya tatu tindikali ikaisha, nikaandika imeisha. Halafu nikaandika kwamba magadi yana nguvu mara mbili na zaidi ya yalivyoandikwa." Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Ni samaki mkavu, sivyo? Walikuwa wametega pale!"

"Shani. Ulinisikia nilichokwambia?"

"Nilikusikia."

"Sasa?"

"Nilidhani unanijaribu."

Lwitiko alikaa chini palepale, kwenye kizingiti, na shati lake jeupe. Shani alimwangalia, akaangalia mikono yake, na polepole ile nuru ikamtoka usoni. Hakuwa mtoto mjinga. Hakuhitaji kuelezwa.

"Wote waliandika ishirini na tano?" aliuliza.

"Wote."

"Na wewe?"

Lwitiko alianza kufungua kamba za viatu. Shani aliuchukua ungo wake, akaendelea kuchambua mchele.

*

Asubuhi Lwitiko aliwahi ofisini kabla ya kengele. Alikuwa amejipanga maneno njia nzima, na yalimtoka yote kwa mkupuo: kwamba kuna mtahiniwa ameandika ukweli, kwamba bahasha bado ipo, kwamba fomu ibadilishwe, yeye atabeba lawama yote.

"Mtahiniwa gani?"

"Shani Bugalama."

"Shemeji yako."

"Ndiyo, Mkuu."

Mbonile alivuta kiti akakaa. Hakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Mwalimu, sikiliza. Ukibadilisha fomu, wengine wote wana namba ambazo hazipo duniani. Watasema tumeiba mtihani, watafuta darasa zima, na yeye yumo. Umesaidia nini?"

"Wakijua kosa ni la—"

"Wakijua kosa, watauliza ulipimia nini. Utasema mzani wa sonara. Watauliza maabara iko wapi. Wakishauliza maabara iko wapi, mimi nitaulizwa michango ya maabara iliyotolewa na kata nzima iko wapi. Unataka twende huko?" Aliinua kidole kimoja. "Mmoja na arobaini. Wewe ndiye mtu wa hesabu."

"Ni mtoto wa nyumbani kwangu."

"Ana akili. Mwenye akili haangushwi na bureti moja." Mbonile alifungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Barua yako imefika mezani kwa mkubwa. Inangoja saini tu."

Nje gari la wilaya lilipiga honi. Dereva aliomba mtu wa kumsaidia kubeba magunia ya karatasi, na walimu wengine walikuwa bado hawajafika. Aliyeyabeba alikuwa Lwitiko. Aliyapandisha garini moja moja, akafunga turubai, akasimama mpaka gari likapotea njia ya Vwawa.

Kwa nini hakulishika lile gunia akakimbia nalo? Watu huuliza maswali ya namna hiyo wakiwa wameshiba. Alikuwa na mke, alikuwa na Ikupa, alikuwa na mama mzee kule Itumba anayesubiri dawa za presha kila mwezi. Alikuwa pia mwoga. Tusimpambe.

*

Matokeo yalibandikwa mwezi wa pili, mvua inanyesha. Kemia haikuwahi kufanya vizuri vile tangu shule ianzishwe. Mbonile alipiga kengele mwenyewe, akamshika Lwitiko mkono juu mbele ya mstari kama bondia aliyeshinda, na wanafunzi wakapiga makofi ya kilo. Barua ya ajira ilikuwa imekwisha kuja, na muhuri wake. Kefa alipata C. Msichana aliyelia alipata C.

Shani alipata D. Alikuwa na B ya baiolojia, C ya fizikia, C ya Kiingereza, na hiyo D ya kemia katikati yake.

Restuta aliliona jina kwa macho yake, kwa kuwa alifunga meza ya samaki akaja mwenyewe na mwavuli. Hakusema kitu pale shuleni. Alisubiri mpaka nyumbani.

"Baba Ikupa, hebu nifahamishe mimi nisiyesoma. Kefa ana C?"

"Ndiyo."

"Kefa yule aliyekuwa anakuja hapa kufundishwa na Shani? Huyo Kefa?"

"Ndiyo."

"Na huyu anayelala nyumba moja na mwalimu wa kemia ana D." Alimwaga samaki kwenye ungo kwa nguvu, wengine wakaanguka chini. "Kweli mganga hajigangi. Watoto wa watu wote umewavusha, wa kwako umemwacha mtoni!"

"Anaweza kurudia mwaka huu. Nitalipia mimi."

"Mwambie baba."

Alimpigia. Mzee Bugalama alisikiliza mpaka mwisho, akasema anashukuru kwa habari, atapanda Fuso ya Alhamisi.

*

Alikuja na beberu mwekundu aliyefungwa kamba shingoni. Alikuwa mzee mrefu, lubega begani, fimbo mkononi, na hakukaa kwenye kochi, alikaa kwenye kigoda cha Shani. Walisalimiana kirefu. Aliuliza habari za Ikupa, za malori, za bei ya samaki. Restuta alileta uji. Shani alipiga magoti kumwamkia baba yake, akabaki amekaa chini kwenye mkeka, mikono mapajani.

"Mwalimu," mzee alisema mwishowe. "Mimi sikusoma. Najua ng'ombe. Ng'ombe akikonda, najua amekosa majani au ana ugonjwa. Wewe uliniambia mtoto huyu ana akili."

"Anazo, mzee."

"Na alisoma?"

"Alisoma."

"Sasa nieleze. Amekosa nini?"

Mvua ilikuwa imekatika. Restuta alisimama mlangoni na bakuli tupu, naye anasubiri jibu hilo hilo. Ilikuwa nyumba yake, mke wake, mkwe wake. Hapakuwa na Mbonile nyuma ya kiti. Lwitiko alifungua mdomo. Aliyaona maneno yote yamejipanga, ni machache tu, na baada yake aliona barua yenye muhuri, aliona uso wa Restuta utakavyogeuka. Mdomo ukabaki wazi.

"Nilitetemeka, baba," Shani alisema.

Wote wakamgeukia.

"Nilitetemeka mkono. Shemeji alinifundisha vizuri, ila siku ile niliogopa, nikasoma vibaya. Nikaandika namba ambayo siyo." Alisema akiangalia mkeka. "Kosa ni langu."

Mzee Bugalama aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake amekufa kwa ugonjwa unaojulikana. "Basi," alisema. "Woga hauna dawa." Restuta alianza kulia, akaingia ndani kufunga nguo za mdogo wake. Lwitiko alisema, "Mzee, lakini kurudia mtihani..." na mzee akainua kiganja, bila ukali.

"Nilishasema, mwalimu. Watu wamekwisha kupokea neno langu."

Fuso ya kurudi ilikuwa inapakia mifuko ya saruji stendi. Walitoka wote mpaka nje. Pale mzee aliifungua kamba ya beberu kutoka kwenye mti wa uzio, akaishika kwa mikono miwili, akamkabidhi Lwitiko.

"Huyu ni wako. Miaka minne umemlisha mwanangu na umemfundisha. Asiyeshukuru siyo mtu. Ulifanya uliloweza."

Lwitiko aliipokea kamba kwa mikono miwili, kwa heshima, kama inavyotakiwa. Akasema asante.

Shani alikuwa na begi la shule mgongoni na rambo la nguo mkononi. Alimkumbatia dada yake, akambusu Ikupa. Kwa shemeji yake alipiga goti kidogo.

"Asante kwa kunifundisha, mwalimu," alisema.

Nyumbani pale, miaka yote minne, alikuwa akimwita shemeji.

Beberu alilia siku mbili, akikataa majani. Jumapili Restuta alisema haifai kumtesa, wamchinje, na kwa kuwa ilikuwa pia ni lazima kusherehekea ajira, wamwalike Mkuu. Mwalimu Mbonile alikuja na soda kreti nzima, akasifu supu, akaomba aongezewe. Zahoro sonara naye alipita, akapewa paja, akauliza kwa utani kama mzani wake ulifaulu mtihani.

"Ulifaulu," Mbonile alijibu, watu wakacheka.

Restuta alimpakulia mumewe sahani, akaweka juu kipande cha ini. Lwitiko alikishika. Alikula.